Mambo ya kuzingatia kabla ya kufanya difragi kwenye kompyuta ya zamani

Kompyuta nyingi za mezani zilizo majumbani mwetu zilishafanya kazi kwenye ofisi za watu kabla ya kutufikia. Ni za mtumba, Dell OptiPlex au HP Compaq, na hadi diski (hard disk, diski kuu inayohifadhi mafaili) ya GB 160 au 250 iliyomo ndani imeshazunguka miaka mingi. Siku ikianza kuchelewa kuwaka, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia ifanyie difragi, yaani uyapange mafaili upya ili vipande vyake vikae pamoja. Ni kweli inasaidia. Lakini difragi ni hatua ya mwisho, na hakuna kazi ya nyumbani inayoichosha diski kama hiyo: inasoma na kuandika mfululizo kwa saa nzima, pengine kwa saa kadhaa. Diski yenye afya huimudu. Iliyoanza kuugua inaweza kufia hapo hapo, na picha zako za miaka yote zikaenda nayo.

Anza kwa kujua una diski ya aina gani. Hadi diski ya kawaida ina visahani vinavyozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, au 5,400 kwenye laptopu, na kichwa cha kusomea kinachohama huku na huku juu yake. Kukihamisha kichwa huchukua kama milisekunde 9, kisha wastani wa milisekunde 4 nyingine kusubiri sehemu inayotakiwa izunguke hadi chini yake. Faili lililokatika vipande 1,000 vilivyotawanyika litakugharimu kama sekunde 13 za kutafuta tu, kabla hujaona chochote kwenye kioo. Hapo ndipo difragi inapoleta nafuu. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi kwenye chipu, haina kisahani wala kichwa, kwa hiyo kipande kikae wapi ni mamoja, na seli zake zina kikomo cha kuandikwa. Kuifanyia difragi ni kuipunguzia umri bila faida. Kwenye Windows 8 na 10 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dfrgui, na dirisha litakalofunguka litakuonyesha aina ya kila diski. Kwenye Windows 7 na XP hutaona hilo, hivyo ichukue namba ya modeli kwenye Device Manager uitafute intaneti. Usitegemee stika iliyobandikwa nje ya kompyuta, maana wauzaji wa mtumba hubadilisha diski mara kwa mara.

Hakikisha pia kwamba kosa ni la diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame RAM, kumbukumbu ya muda ambayo programu zilizofunguliwa huitumia. Kompyuta yenye RAM ya GB 1 au 2, iliyojazwa hadi pomoni na kivinjari chenye kurasa kumi, itabaki nzito hata ukiifanyia difragi kila siku.

Sasa afya ya diski, na hapa naomba usiwe na haraka. Zima redio, sogeza sikio karibu na kasha, fungua folda kubwa yenye picha. Mkwaruzo mwepesi wa kichwa kikihama ni wa kawaida. Mlio wa "tak, tak, tak" unaojirudia kwa mpangilio, huku kompyuta ikiganda, si wa kawaida. Kisha tumia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa ambazo diski yenyewe hujiwekea. Rangi ya buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Mimi sitosheki na rangi. Nashuka hadi mstari wa 05, unaohesabu sekta mbovu (vijisehemu vya diski vya kuandikia) ambazo diski imeshazikimbia na kutumia za akiba, na mstari wa C5, wenye sekta zinazokataa kusomeka na zinazosubiri uamuzi. Tazama safu ya mwisho: sifuri tupu ni habari njema. Ukikuta C5 ina namba, achana kabisa na habari ya difragi. Kazi iliyobaki kwa diski hiyo ni moja, kunakili kilichomo kabla haijafa.

Hata diski ikiwa nzima, nakala haikwepeki. Watu hunakili Documents na picha wakadhani wamemaliza, wakasahau vilivyorundikana kwenye Desktop, alama za kurasa za kivinjari, na barua pepe zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe, kama faili la PST kwa wanaotumia Outlook. Kwenye Windows 7 na 10 vingi vya hivyo vimo ndani ya C:\Users chini ya jina lako. Kwenye XP tafuta Documents and Settings. Ukitumia fleshi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haitapokea faili linalozidi GB 4 hata kama ina nafasi tele, na video ya harusi mara nyingi huvuka hapo. Ifomati kwa NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, ikiwa tupu, au tumia diski ya nje. Ukimaliza, ipeleke nakala kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili matatu manne, picha moja, waraka mmoja, video moja uipeleke mbele hadi katikati. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haiaminiki.

Kuna jambo linalotupata sana huku kwetu kwa sababu ya fleshi zinazozunguka steshenari na mashuleni: virusi vya shotikati. Hivi huyaficha mafolda halisi na kuweka shotikati (njia za mkato) zenye majina yale yale. Mtu anaona folda haina kitu, anaifuta au anafomati, kumbe kazi yake yote ilikuwamo. Kabla ya kusafisha, pitisha antivirusi, na folda yoyote inayoonekana tupu bonyeza Properties uone ukubwa wake. Ikisoma GB 3 na ndani huoni kitu, mafaili yapo, yamefichwa.

Nakala ikishakuwa salama, ndipo uikague mpangilio wa diski. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kwa herufi Y, kisha uiwashe kompyuta upya. Difragi inahamisha vitu kwa kufuata orodha ya diski, na orodha yenye makosa ni lazima irekebishwe kwanza. Chaguo la /r linapekua kila sekta na linaweza kuchukua nusu siku, kwa hiyo usiliguse kabla ya kunakili.

Upande wa umeme, tazama mita. LUKU ikiisha katikati ya kazi, au tokeni kwa walio Kenya, ni sawa na mgao, tofauti ni kwamba hili ungeweza kulizuia. Windows kwenye NTFS huandika kipande mahali papya kabla ya kubadilisha kumbukumbu ya pale kilipokuwa, kwa hiyo umeme kukatika mara nyingi hakupotezi faili. Ninachokihofia zaidi ni umeme unaporudi kwa kishindo. Kama huna UPS (betri ya akiba ya kompyuta), chagua siku ambayo hakuna mvua ya radi wala tangazo la kukatika kwa umeme. Laptopu iwe kwenye chaji na juu ya meza, wala isiwekwe kitandani inakokosa hewa na kutikisika.

Joto nalo. Chomoa waya, fungua kasha, toa vumbi kwa blowa au brashi kavu ya rangi, ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Diski nyingi za mezani zimewekewa kikomo cha nyuzi joto 60. CrystalDiskInfo ikinionyesha 50 nasimamisha kazi nitafute sababu.

Kusafisha kunatangulia difragi, kwa sababu ukifuta baadaye unaacha mashimo katikati ya mpango uliousubiri kwa saa nyingi. Ondoa programu usizotumia kupitia Control Panel, kisha bonyeza Windows na R, andika cleanmgr uiache Windows iondoe takataka zake. Soma kila kisanduku kabla ya kukitia alama, maana kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 10 folda ya Downloads iliwekwa humo, na kuna waliofuta risiti na vyeti wakidhani ni uchafu. Usiingie ndani ya folda ya Windows kufuta kwa mkono. Programu zinazojinadi kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na kuongeza kasi maradufu ziache. Sijaona faida yake, na nyingine ndizo zinazoleta matangazo.

Lengo ni kubakiza asilimia 15 ya nafasi wazi, kiwango ambacho XP yenyewe inakihitaji ili difragi ikamilike vizuri. Kwa diski ya GB 160 hiyo ni GB 24. Chini ya hapo hakuna uwanja wa kusogezea vipande. Kumbuka vilevile kwamba kuhamisha vipande kunaweza kufuta alama za zamani za kurejesha mfumo, kwa hiyo usizihesabu kuwa ndiyo nakala yako.

Yote yakiwa tayari, pima kwanza kwenye Command Prompt kiasi cha mtawanyiko wa vipande: defrag C: /A kwenye Windows 7 na kuendelea, defrag C: -a kwenye XP. Ikisoma chini ya asilimia 10, huna haja ya kuendelea. Ikizidi, chomoa intaneti masasisho yasiingie, funga programu zote, zima mpangilio wa kulala, anza, na usiiguse kompyuta. Ikishamaliza, tazama ratiba. Windows 7 imejipangia difragi kila Jumatano saa 7 usiku, wakati ambao kompyuta nyingi za nyumbani zimezimwa. Ihamishie saa ambayo kompyuta huwa imewashwa na hakuna anayeitumia.