Somo: Kuandaa kikundi cha Sternsinger kijijini Tirol, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu mlioko Austria na kusini mwa Ujerumani mmekuwa mkiuliza swali moja: mtoto amerudi na karatasi ya parokia inayomwalika kuwa Sternsinger, sasa tufanyeje? Mimi ni mlezi wa kikundi katika kijiji kimoja cha bondeni, Tirol, jimbo la milimani magharibi mwa Austria, kwa hiyo naeleza tunavyofanya kwetu. Parokia yako ikiwa na utaratibu wake, fuata huo.

Kwa asiyeijua desturi hii: baada ya Krismasi hadi tarehe 6 Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, watoto huvaa kama mamajusi watatu, ambao huku huitwa wafalme, Kaspar, Melchior na Balthasar, na wa nne hubeba nyota. Hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, wakiombea nyumba baraka na kukusanya mchango. Kwenye milima ya Alps habari zake zimeandikwa tangu karne ya 16. Sura yake ya leo nchini Austria ilianza mwaka 1954, chama cha watoto Wakatoliki, Katholische Jungschar, kilipoibeba nchi nzima. Mchango wa mara ya kwanza ulikwenda kununua pikipiki za wamisionari wa Uganda. Watoto wa kikundi changu huwaambia hilo wenye nyumba, na mazungumzo hunoga hapo hapo mlangoni.

Hatua ya 1: Watu. Watoto wanne na mtu mzima mmoja wa kuwasindikiza. Wasichana na wavulana ni sawa. Nyumba nyingi sasa wanapokea malkia watatu na hakuna anayeshangaa. Changanya wakubwa na wadogo. Mkubwa ashike chetezo, mdogo ashike kopo la mchango, maana ni nadra mtu kumnyima mtoto wa miaka saba.

Hatua ya 2: Nyota. Yetu ni ya plaiwudi, imepakwa rangi ya dhahabu, ina mpini mrefu na taa ndogo ya betri ndani. Zamani walitia mshumaa, na nyota nyingine zilizungushwa kwa kamba huku wimbo ukiendelea. Ukitengeneza mpya, angalia uzito kabla ya urembo. Nyota inayoonekana nyepesi sebuleni huwa mzigo kwa mtoto anayepanda kilima chenye theluji. Kaza skrubu mbili pale mpini unapoingia kwenye nyota. Moja ikilegea, nyota inageukia upande na hairudi.

Hatua ya 3: Mavazi. Shona majoho mapana kuliko mwili, kwa sababu yanavaliwa juu ya jaketi. Taji la karatasi ngumu likae juu ya kofia ya sufu, wala usimvue mtoto kofia ili apendeze kwenye picha. Miguuni mabuti ya theluji. Weka glavu za akiba mfukoni.

Hatua ya 4: Wimbo na beti. Anzeni mazoezi wakati wa Majilio. Wimbo mmoja unatosha, beti mbili, kisha kila mfalme anasema beti yake fupi. Zoezi langu ninaloliamini: mazoezi ya mwisho tunayafanya nje, kwenye baridi, taji zikiwa kichwani. Sauti ya darasani haifiki mlangoni, na mtoto aliyezoea kusoma kwenye karatasi atakwama glavu zikimzuia kufungua ukurasa.

Hatua ya 5: Chetezo. Hapa pana moto, kwa hiyo msome polepole. Mwaga mchanga kidogo ndani ya chetezo, chini kabisa, ili chuma kisichome kupita kiasi. Shika kaa kwa koleo, liwashe pembeni, subiri mpaka liwe na jivu jeupe pande zote. Ndipo uweke punje mbili tatu za uvumba. Watu huweka kijiko kizima na kaa linazimika. Kati ya nyumba na nyumba chetezo kiendelee kubembezwa taratibu, hewa ipite, la sivyo mnafika mlango unaofuata mmebeba chuma baridi. Mkiingia ndani, ulizeni kwanza kama kuna mgonjwa wa pumu au king'ora cha moshi darini.

Mkifika kwenye nyumba za wafugaji, msishangae mkiombwa mfukize hadi zizini. Katika baadhi ya usiku wa kipindi hiki, ukiwemo wa kuamkia tarehe 6, mwenye nyumba mwenyewe huzunguka na makaa na ubani vyumbani na kwa ng'ombe. Ninyi mnaingia katika jambo ambalo familia hiyo inalifanya tangu enzi za mababu zao. Ingieni kwa heshima, na mwimbe beti moja kule kule zizini.

Hatua ya 6: Kutumwa. Paroko hubariki chaki, uvumba na maji, kisha watoto hutumwa mbele ya waumini wote. Msiikose Misa hiyo. Mtoto aliyetumwa na kanisa zima anagonga mlango kwa namna nyingine kabisa.

Hatua ya 7: Mlangoni. Piga kengele, rudi hatua mbili nyuma, nyota ikae katikati. Salamu, wimbo, beti, kopo la mchango, chaki, kwaheri. Kopo liwe limefungwa kwa lakiri, na msindikizaji awe na kitambulisho cha parokia. Asiyetaka kutoa anaimbiwa vile vile mpaka mwisho.

Hatua ya 8: Chaki. Juu ya mlango mnaandika hivi kwa mwaka 2026:

20 * C + M + B + 26

Herufi hizo ni za maneno ya Kilatini Christus mansionem benedicat, yaani Kristo aibariki nyumba hii; wengi huzisoma pia kama majina ya mamajusi. Futeni ubao kwa kitambaa kikavu kwanza, kwa kuwa chaki haishiki kwenye mti uliolowa. Mlango ukiwa mweupe, tumieni kibandiko cheusi chenye maandishi tayari. Msiandike kabla ya kuuliza.

Hatua ya 9: Njia. Anzeni na nyumba za juu kabisa, kule barabara inakoishia. Wengi huanza karibu na kanisa kwa sababu ni rahisi, jioni ikifika watoto wamechoka, giza limeingia, na zile nyumba tatu za mlimani zinaachwa. Nalisema hili kwa nguvu, kwa sababu ndiko wanakoishi wazee ambao hawawezi tena kushuka kanisani. Wamekaa tangu asubuhi wamevaa nguo nzuri, keki iko mezani. Kijiji chote kinaweza kukosa kufikiwa, lakini si wao.

Maswali ya wanachama

*Dada yetu wa Graz: Shikamoo dada. Mwanangu ndiye mtoto mweusi pekee kwenye kikundi. Wameshamwambia atakuwa "mfalme mweusi". Na nimesikia mahali pengine wanawapaka watoto wa kizungu rangi usoni. Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu. Kupaka uso rangi kulikuwepo sana, na bado kuna vijiji wanang'ang'ania. Lakini waandaaji wenyewe, wa Austria na wa Ujerumani, wanaviambia vikundi viache, nawe una haki kamili ya kumwambia mlezi hivyo bila kuomba radhi. Kuhusu mwanao: mwache achague. Mathayo hataji majina yao, idadi yao wala rangi zao. Anataja zawadi tatu tu, dhahabu, uvumba na manemane. Hata michoro ya zamani haikubaliani ni yupi aliyekuwa mweusi, pengine Kaspar, pengine Balthasar. Kwetu mwenye sauti kubwa huanza, anayependa nyota hubeba nyota. Mwanao akitaka nyota, apewe nyota. Wakikataa, ongea na paroko uso kwa uso, na mtoto asiwepo kwenye mazungumzo hayo.

*Kaka wa München: Sisi ni Waislamu. Wakija tuwafungulie?*

Mkipenda, fungueni. Watoto hawamuulizi mtu dini yake. Waambieni mtawasikiliza lakini chaki hamhitaji, watawaelewa. Na msipofungua hakuna atakayenuna.

*Mama wa Lodwar: Hizo fedha zinafika kweli huku kwetu?*

Zinafika, mama. Upande wa Ujerumani kazi hii ilianza mwaka 1959 na huendeshwa na Kindermissionswerk, shirika la Kikatoliki la misaada kwa watoto lililoko Aachen, pamoja na umoja wa vijana Wakatoliki. Kila mwaka huchagua mfano wa nchi, na mwaka 2025 mifano ilikuwa Kolombia na Kenya, hasa Turkana kwenu. Nchi ya mfano si ndiyo pekee inayopata. Fedha zinagawanywa kwa miradi ya nchi nyingi.

*Kijana wa Innsbruck: Nina miaka 24, nimeshapitwa?*

Hapana. Kuna mahali ni kazi ya watu wazima kabisa. Heiligenblut, chini ya mlima Großglockner, vikundi vya watu wazima hutembea usiku wa kuamkia tarehe 6 wakiimba nyumba kwa nyumba. Na parokia karibu zote zina upungufu wa wasindikizaji. Piga simu ofisi ya parokia mwezi Novemba, usingoje Desemba.

*Mlezi wa Utoto Mtakatifu, Moshi: Tunaweza kuifanya hapa?*

Mnaweza, na ninyi ndio mna haki nayo, maana Kindermissionswerk ni tawi la Ujerumani la shirika hilo hilo la watoto Wakatoliki, Utoto Mtakatifu. Mwombeni paroko abariki chaki siku ya Tokeo la Bwana, mwanze na jumuiya moja ndogondogo, nyumba chache za jirani. Wimbo uwe wenu, ngoma ziwepo. Theluji hamna, lakini mvua za ghafla mnazo, kwa hiyo chaki ikae ndani ya mfuko wa plastiki.