Jinsi ya kutambua umri na modeli ya bunduki ya bolti iliyotumika

Bunduki ya kuwindia ya bolti ina sehemu kubwa tatu: risiva, mtutu na kitako. Risiva ni kile chuma cha katikati ambamo bolti (chuma cha kusukuma risasi ndani na kuifungia) huteleza na mtutu hukazwa. Wengi husoma maandishi ya kwenye mtutu, wakatangaza modeli na mwaka hapo hapo. Lakini mitutu hubadilishwa, na vitako hubadilishwa zaidi. Risiva ndiyo bunduki yenyewe, kwa hiyo hizo nyingine zipime kwa kuzilinganisha nayo.

Hatua ya 1: Hakikisha haina risasi

Toa magazini, au fungua sahani ya chini kama magazini imejengewa ndani. Vuta bolti nyuma, mulika chemba (tundu linalokaa risasi nyuma ya mtutu) kwa tochi, kisha ingiza kidole uhakikishe. Ukimaliza, chomoa bolti kabisa uiweke pembeni. Usiitegemee sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, hasa kwenye bunduki usiyoijua historia yake.

Hatua ya 2: Safisha bila kukwangua

Mafuta mepesi, kitambaa na mswaki mlaini vinatosha. Msasa hula alama unazozitafuta, na alama iliyoliwa hairudi. Ukishasafisha, zima taa ya chumba na ulaze tochi karibu sawasawa na chuma, mwanga upite kwa ubavu. Herufi zilizofifia zitatoa kivuli na kusomeka.

Kisha fungua skrubu za kitako kwa bisibisi inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu. Alama nyingi za maana zimejificha chini ya mbao, upande wa chini wa risiva na mwanzo wa mtutu. Piga picha ya kila alama, hata ile usiyoielewa.

Hatua ya 3: Soma umbo kabla ya maandishi

Hapa ndipo pa kutulia. Maandishi yanaweza kufutwa au kugongwa upya, ila umbo la risiva na bolti ni gumu kulighushi.

Mauser 98 utaitambua kwa ndoano ndefu ya kutolea ganda iliyolala ubavuni mwa bolti, ambayo haizunguki bolti inapozunguka. Ina jino la tatu la kufungia upande wa nyuma, na kwa kawaida sefti ya bendera yenye nafasi tatu mkiani. Mauser ya Uswidi ya 1896 ina ndoano kama hiyo lakini haina jino la tatu, na springi ya kugonga risasi hukazwa unapoifunga bolti, si unapoifungua. Mtambo wa 98 ulitumiwa na viwanda vingi, FN ya Ubelgiji ikiwemo, hivyo kusema tu “ni Mauser” bado si kutaja modeli.

Mannlicher-Schoenauer ina magazini ya kuzunguka, na mkono wa bolti hupita katikati ya daraja la nyuma la risiva lililopasuliwa. Savage 110, iliyotoka 1958, huonyesha nati kubwa ya kukazia mtutu mbele ya risiva. Remington 700, ya 1962, ina risiva ya mviringo, na uso wa bolti umezama kiasi kwamba chuma kinazunguka kitako cha ganda.

Winchester 70 inahitaji jicho la makini zaidi. Ilianza kuuzwa 1936 ikiwa na ndoano ndefu. Mwaka 1964 kiwanda kikabadilisha mtambo, ndoano ikawa ndogo na nakshi za kitako zikawa za kugandamizwa badala ya kuchongwa. Ndoano ndefu ilirudi miaka ya 1990, kwa hiyo kuiona peke yake hakuthibitishi kwamba bunduki ni ya kabla ya 1964.

Hatua ya 4: Namba ya silaha

Soma namba iliyo kwenye risiva. Kwa Winchester 70, namba za mtambo wa zamani ziliishia 581471, na mtambo mpya wa 1964 ukaanzia 700000. Herufi G mbele ya namba iliingia 1968. Ruger zilizotengenezwa Marekani 1976 zina maandishi ya kuadhimisha mwaka wa 200 wa uhuru wa nchi hiyo, na hapo mwaka umepewa bure.

Kukosa namba si lazima kuwe ishara ya wizi: sheria ya Marekani ya 1968 ndiyo iliyolazimisha kila bunduki kupewa namba, na kabla yake bunduki nyingi za bei nafuu hazikuwa nayo. Namba iliyokwanguliwa ni jambo jingine kabisa. Acha kazi na uwahusishe polisi.

Ukikuta Springfield 1903 yenye namba chini ya 800000, usiipige. Risiva za kundi hilo zilipashwa moto kiwandani kwa njia iliyofanya baadhi ziwe dhaifu na rahisi kuvunjika.

Hatua ya 5: Mihuri ya majaribio

Hizi ni alama zinazogongwa baada ya bunduki kujaribiwa kwa risasi kali. Kwa bunduki za Ulaya, hii ndiyo hazina. Ujerumani waligonga mwezi na mwaka: 436 ni Aprili 1936. Herufi N chini ya taji ni ya kabla ya 1940. Chini ya tai ni kuanzia 1940. Baadaye miaka iliandikwa kwa herufi, A ikiwa 0 na K ikiwa 9, J ikirukwa, hivyo IE ni 1984. Bunduki za Brno, za Czech, hubeba simba na tarakimu mbili za mwaka. Austria huweka mwaka baada ya nukta, mwishoni mwa namba inayofuata muhuri wa NPv.

Remington waligonga herufi za tarehe upande wa kushoto wa mtutu. Ya kwanza ni mwezi, kwa mpangilio wa BLACKPOWDERX: B ni Januari, X ni Desemba. Herufi za mwaka hujirudia baada ya miongo, kwa hiyo zioanishe na modeli. Na kumbuka, hiyo ni tarehe ya mtutu.

Hatua ya 6: Kaliba

Bunduki haiwezi kuzaliwa na kaliba ambayo haikuwepo. .30-06 ni ya 1906, .270 Winchester 1925, .308 Winchester 1952, .243 Winchester 1955, 7mm Remington Magnum 1962, 6.5 Creedmoor 2007. Tuseme risiva ni Mauser 98 yenye muhuri 436 na mtutu umeandikwa .308. Risiva ni ya 1936, mtutu haukufungwa kabla ya 1952, basi andika tarehe mbili na usilazimishe moja.

Mtutu wa zamani wa Kijerumani wa 8×57 una hatari yake. Aina ya I hutumia kichwa cha risasi cha inchi .318, aina ya IS hutumia .323, na maganda yanafanana. Kabla ya kupiga hata risasi moja, fundi wa bunduki amwage kalibu ndani ya chemba na mwanzo wa mtutu ili kupata umbo lake, avipime kwa vifaa, na akague nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda.