Umesomea ustawi wa jamii nyumbani na sasa uko Marekani? Anza na karatasi za fildi

Marekani hakuna leseni moja ya nchi nzima, kila jimbo lina bodi yake, kwahiyo kabla hujalipa hela yoyote soma masharti ya jimbo unaloishi wewe, siyo la binamu yako. Mfano Texas kuna leseni ya LBSW ya wenye digrii ya kwanza, LMSW ya masta, na LCSW ambayo ndo inakuruhusu kufanya tiba na ushauri nasaha kwa kujitegemea, na hiyo unaipata baada ya masta na masaa 3,000 ya kazi chini ya msimamizi.

Digrii ya nje unaipeleka CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii la Marekani, wana kitengo cha kulinganisha digrii za ustawi wa jamii tu. Hapa ndo wengi tunakwama. Kwa kipimo chao digrii ya kwanza inatakiwa iwe na angalau masaa 400 ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, masta 900, na sisi fildi tumefanya kweli jamani, kesi za matunzo ya watoto, ndoa, wazee waliotelekezwa, tena kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa, ila masaa nani alihesabu? Mimi barua ya fildi niliisubiri miezi saba, chuo kilikuwa hakioni faili langu.

Kwahiyo kama bado uko Dar au Nairobi nenda chuoni sasa hivi, omba transkripti, maelezo ya kila kozi, na barua yenye muhuri inayosema fildi ulifanyia wapi, wiki ngapi, masaa mangapi, nani alikusimamia. Kama umeshaondoka, mwandikie ndugu barua ya idhini akufuatilie, simu peke yake hazisaidii.

CSWE wakikubali unaomba kwenye bodi, unafanya mtihani wa ASWB, chama cha bodi za ustawi wa jamii, na Texas kuna mwingine wa sheria zao.

Wakati unasubiri usijiandike "social worker" kwenye CV, majimbo mengi jina hilo linalindwa kisheria na linaweza kukuharibia maombi. Najua inauma, nyumbani watu walikuita afisa ustawi na wakasimama ukiingia. Andika cheo ulichoajiriwa nacho, kesi meneja au mkalimani, halafu eleza kazi ulizofanya nyumbani moja moja, hizo hakuna wa kukunyang'anya.

Na ukishafika LMSW, usianze kuhesabu yale masaa 3,000 kabla hujathibitisha kwa bodi kwamba msimamizi wako ana kibali cha kusimamia.