Andiko Linapoonekana Kupingana na Mafundisho ya Kanisa Lako: Namna ya Kulichunguza

Swali la namna hii huzuka mara nyingi jumuiyani, pale mtu anaposoma mstari kwa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kweli ndivyo kanisa linavyofundisha. Chukua Marko 6:3, ambapo watu wa mji wa kwao Yesu wanawataja Yakobo, Yose, Yuda na Simoni kuwa ndugu zake, na kuongeza kwamba maumbu yake nao wapo papo hapo kwao. Mkatoliki aliyefundishwa tangu utotoni kwamba Mariamu ni bikira daima hushtuka, na jirani yake Mlokole huona kwamba neno limeandikwa na shauri limekwisha. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyefika hapo, ambaye hataki kuliasi kanisa lake wala hataki kusoma Biblia huku amefumba macho.

Anza na neno lenyewe kabla ya kuanza na mabishano. Katika Kiswahili chetu ndugu ni mtoto wa mama yako, ni mtoto wa ami yako, ni mtu wa ukoo wenu, na hata mwumini mwenzako ni ndugu. Kwa hiyo msomaji anayesema kwamba yeye hafasiri chochote, anasoma tu kilichoandikwa, tayari ameegemea neno lililochaguliwa na watafsiri. Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, kina adelphos, ambalo kwa kawaida humaanisha ndugu wa kuzaliwa naye. Maumbu, lililo katika Biblia ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952, ni neno la zamani la dada. Ukiweza, fungua tafsiri mbili uziweke kando kwa kando, kwa sababu pale zinapotofautiana ndipo unapouona mkono wa mfasiri.

Baada ya hapo uliza Maandiko mengine, na uandike kwenye daftari yanayokuunga mkono pamoja na yale yanayokupinga. Katika Mwanzo 13:8 Abramu anamwambia Lutu kwamba wao ni ndugu, ilhali sura ya 11 imekwisha kutueleza kwamba Lutu ni mwana wa Harani, nduguye Abramu. Katika Marko 15:40 yuko Mariamu mama yao Yakobo mdogo na Yose, akitazama msalaba kwa mbali, na wengi wameuliza kama hao si Yakobo na Yose wale wale wa sura ya 6. Upande wa pili, Paulo katika Wakolosai 4:10 anapotaja undugu wa Marko na Barnaba anatumia neno jingine kabisa, anepsios, yaani binamu. Basi Kigiriki kilikuwa na neno la kusema hivyo, na hoja hiyo ina uzito wake. Mtu anayekupa hoja za upande mmoja tu hajakusaidia kusoma, hata kama amevaa kanzu ya ibada.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ni kuuliza waliotutangulia waliusomaje mstari huo. Mabishano haya yalikuwa makali huko Roma kabla ya karne ya 4 kwisha: mwandishi Helvidius alisema hao ni watoto wa Mariamu na Yusufu, na Jeromu, mtaalamu wa Maandiko, akamjibu kwa ukali kwamba ni binamu zake Yesu. Wakristo wengi wa Mashariki wameshika kwamba walikuwa watoto wa Yusufu wa ndoa ya awali. Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti huko Ujerumani na kusimama mbele ya baraza la dola huko Worms mwaka 1521 na kukataa kukana maandishi yake asiposhawishiwa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, hata hivyo aliendelea kuamini ubikira wa daima wa Mariamu. Mimi nalipenda sana jambo hili, maana linamzuia Mkatoliki kusema kwamba kila anayeshika Biblia humdharau Mariamu, na linamzuia Mprotestanti kudhani kwamba fundisho hilo lilishikwa na wasiosoma.

Wala usidhani kwamba kila asomaye kwa moyo safi atafika mahali pale pale. Mwaka 1529 huko Marburg, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, wote wawili wakiyaweka Maandiko juu ya mapapa, walikubaliana katika vipengele 14 kati ya 15, wakashindwana juu ya maneno ya Bwana, “Huu ndio mwili wangu.”

Sasa pima uzito ambao kanisa lako limeupa fundisho lenyewe. Kwa Mkatoliki, Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Trento ulikataza mwaka 1546 kuyapindisha Maandiko, katika mambo ya imani na maadili, kinyume cha maana inayoshikwa na Kanisa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mamlaka ya Kanisa ya kufundisha hayako juu ya Neno la Mungu bali yanalitumikia. Waanglikana katika Kifungu cha 20 cha imani yao wanakiri kwamba kanisa lina mamlaka katika mabishano ya imani, lakini haliwezi kuamuru lolote lililo kinyume na Neno lililoandikwa. Ungamo la Westminster la 1646, linaloheshimiwa na Wapresbiteri, husema waziwazi kwamba mitaguso inaweza kukosea. Tofautisha pia fundisho la imani na utaratibu tu: useja wa mapadre wa Kanisa la Kilatini ni utaratibu, na Wakatoliki wa Makanisa ya Mashariki wanao mapadre wenye wake.

Ndipo uende kwa paroko, mchungaji au katekista, ukiwa na daftari lako. Usianze na “mnatudanganya”, sema, “Baba, nimesoma hapa na hapa, naomba unioneshe kanisa limeifikiaje maana hii.” Towashi Mwethiopia wa Matendo 8 hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, na Waberoya wanasifiwa katika Matendo 17:11 kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ndivyo yalivyo. Kama Paulo alichunguzwa, hakuna mhubiri wa leo asiyepaswa kuchunguzwa.

Ukijibiwa kwamba kuuliza ni dhambi, au kwamba yeye peke yake ndiye aliyefunuliwa maana, ondoka hapo ukatafute mwingine wa kukufundisha. Katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, ilianza kufukuliwa miili ya watu, na idadi yake ikapita 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kuaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu. Watoto walikuwamo.

Ukijibiwa kwa subira lakini usiridhike, omba muda, rudi na mstari ule ule baada ya wiki kadhaa, na katika muda huo endelea kusali na wenzako jumuiyani.