Mizigo mitatu, isizidi: namna ya kumfungashia mtoto anayekwenda chuo

Kila Oktoba inapoelekea mwisho, hapa stendi ya Moshi matranka huwa mengi kuliko watu. Huu ni mwaka wangu wa 19 nikipakia mizigo kwenye mabasi, na msimu wa vyuo kufunguliwa haujawahi kunipita. Saa kumi na moja alfajiri kirikuu inaingia. Anashuka baba, mama, mjomba na wadogo wawili, na vitu saba au vinane. Tunashika wote, mimi wa sita, dakika mbili kila kitu kiko kwenye buti. Mwanafunzi mwenyewe kasimama pembeni na koti lake, hajagusa hata ndoo.

Basi likiondoka, sisi sita tunabaki Moshi. Anakokwenda yuko peke yake, amechoka, na hapajui. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, unapofungasha, fikiria mikono itakayoshusha. Ya kupandisha haikosekani, tupo.

Hili nililijua kwa uchungu. Mwaka 2019 binti yangu wa kwanza alipangiwa chuo Dodoma. Nikamfungashia kwa mapenzi yote: tranka, godoro, ndoo, kiroba cha mchele, shangazi kaja la nguo, na begi dogo la viatu na mashuka. Vitu sita. Alifika giza limeshaingia. Akasaidiana na kijana wa bajaji kupeleka tranka, akarudi kufuata godoro na ndoo, akarudi tena. Begi la viatu na mashuka halikuwepo. Akanipigia: "Shikamoo baba. Nimefika salama, ila begi moja silioni." Sauti ilikuwa ya mtu anayejikaza asilie. Usiku ule alilala kwenye godoro tupu, kajifunika kanga mbili za mama yake. Mimi usingizi haukuja. Nilikuwa nawaza, nimepakia mizigo ya watoto wa watu miaka yote hii, na wa kwangu nimempa vitu sita na mikono miwili.

Tangu hapo hesabu yangu ni mitatu. Tranka moja. Furushi moja la godoro, au shangazi kaja kama chuo kina magodoro yake. Ndoo moja yenye mfuniko. Begi la mgongoni silihesabu kwa sababu halitakiwi kutoka mwilini. Mdogo wake nilimpeleka Morogoro kwa hesabu hiyo hiyo, na hakupoteza hata kijiko.

Kabla hujanunua chochote, soma maelekezo ya kujiunga yaliyotoka chuoni, kisha mwulize mwanafunzi aliyetangulia pale. Uliza mambo mawili: kitandani kuna godoro au hakuna, na vitu gani vinakatazwa. Hosteli nyingi hazitaki jiko la umeme wala hita ya kuchemshia maji. Nimepakia majiko mengi mapya yakiwa kwenye maboksi yake, na mengine nimeyashusha Desemba yakirudi nyumbani hayajawahi kuchomekwa.

Sasa tranka. Usichukue lile kubwa la futi tatu kwa sababu tu bei inakaribiana. Chukua la futi mbili na nusu. Linaingia chini ya kitanda, na mtu mmoja analimudu. Dukani usiangalie rangi, shika mkono wa tranka, ulinyanyue, ulitikise. Kama mkono umefungwa kwa ribiti mbili nyembamba kwenye bati tupu, utang'oka siku ya kwanza. Tafuta lenye kipande cha bati cha kuongezea nguvu kwa ndani, pale ribiti zinapotokea. Pitisha kidole kwenye pembe zote nne. Pembe kali hukata godoro la jirani na mkono wa anayebeba, na mimi kovu ninalo kwenye kiganja cha kushoto. Ukiikuta, mwambie fundi aigonge hapo hapo, ni kazi ya nyundo mara tatu.

Ndani weka vizito chini, katikati: pasi, viatu, vitabu vichache. Nasema vichache. Madaftari ya kidato cha sita yabaki nyumbani, hata kama mtoto anayaonea huruma. Karatasi ni mzigo mbaya, huonekana ndogo lakini hubonyeza kama tofali. Nguo zijaze mapengo yote ili kitu kisicheze. Ukishafunga, mwambie mwanafunzi mwenyewe alinyanyue kwa mkono mmoja, atoke nalo sebuleni mpaka barabarani. Akipumzika mara moja au mbili, sawa. Akiliburuza, fungua upunguze. Jaribio hili fanyeni siku mbili kabla ya safari, maana alfajiri ya safari hakuna mama anayekubali kutoa kitu.

Godoro ndilo linalosumbua watu kuliko vyote. Wengi wanalikunja mara mbili na kulifunga kamba ya manila katikati. Likifika limekatika sponji pale kamba ilipobana, na kwa sababu lina umbo la mdomo wazi, kila kitu kwenye buti kinaingia humo. Fanya hivi. Tandika mkeka, laza godoro juu yake. Panga mashuka, chandarua na mto upande wa kuanzia, huo ndio utakuwa moyo wa furushi. Watu wawili wapige magoti, waanze kukunja kama mnavyokunja mkeka, na kila mkikunja kidogo mnabonyeza kwa goti mpaka msikie pumzi inatoka. Usiharakishe hapa. Godoro la inchi 4 likikunjwa vizuri linakuwa furushi ambalo msichana analikumbatia. Likikunjwa ovyo, halipiti hata mlango wa basi.

Funga sehemu tatu, kichwani, katikati na miguuni, kwa mipira ile inayokatwa kwenye tyubu za magari. Mpira unabana bila kukata. Kisha ingiza furushi kwenye salfeti kubwa la kilo 100, au unganisha mawili, ushone mdomo kwa shazia na uzi wa gunia. Kama kuna dalili ya mvua, tanguliza nailoni nzito ile ya kuuzwa kwa mita kabla ya salfeti. Watu wengine bado wanatafuta mifuko ya rambo ya kufunikia, lakini ile ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa inachanika kabla ya Himo. Buti la basi si chumba kikavu. Nimeshafungua milango ya buti nikakuta maji ya barabarani yamepiga kutoka chini, na siku moja dumu la mafuta ya alizeti la abiria mwingine lilikuwa limepasuka juu ya godoro jipya kabisa. Kijana alilitazama hakusema neno. Harufu ya mafuta kwenye sponji haitoki.

Ndoo ya lita 20 isiende tupu hata siku moja. Tupu inapasuka, iliyojaa inavumilia. Humo weka sahani, kikombe, sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, na vyote vya majimaji vikiwa vimesimama. Kila chupa ifungue, weka kipande cha nailoni mdomoni, kisha ufunge kifuniko juu yake. Zungushia kanga ili visigongane. Mfuniko upige soltepu pande zote, halafu pitisha mpira juu ya mfuniko mpaka chini. Akifika, ndoo ile ile ndiyo ya kuchotea maji.

Begi la mgongoni: vyeti halisi kwenye faili la plastiki, cheti cha kuzaliwa, fomu ya afya, picha ndogo, kitambulisho, fedha, chaja, dawa kama anatumia, funguo za tranka, nguo za siku mbili na shuka moja. Hilo shuka moja nililiongeza mimi, na mnajua sababu. Kompyuta mpakato, kama ipo, humo humo. Vyeti visipande kwenye buti, naomba sana.

Kuhusu chakula nitasema wazi ingawa najua akina mama hawatapenda. Mchele uko Dodoma, maharage yako Dar. Kilo 20 za mchele ni mzigo wa nne, na fedha yake inaingia kwenye simu bila kubebwa. Ndizi ndizo zinaniuma zaidi, kwa sababu najua mapenzi yaliyomo kwenye ule mkungu uliotoka Kibosho au Marangu. Lakini utomvu wa ndizi ukigusa shati jeupe unaacha doa jeusi ambalo halifuliki. Kama lazima, zichane chana moja moja alfajiri ya siku moja kabla ya safari, zikauke pale zilipokatwa, zifungwe gazeti, na zikae miguuni kwa mwanafunzi.

Blanketi zito la manyoya lisiende Dar. Novemba kule ni jasho usiku kucha. Shuka mbili zinatosha. Dodoma blanketi jepesi litapata kazi, kwa sababu Juni na Julai usiku unakuwa na baridi na upepo. Anayekuja kusoma kwetu Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika au chuo cha udaktari cha KCMC, akitokea Tanga au Mtwara, huyo ndiye abebe sweta.

Sasa alama. Matranka ya bluu yanafanana kama mayai. Andika kwa rangi, karatasi hubanduka: jina, namba mbili za simu na mji anaoshukia. Andika juu, ubavuni, na ndani ya kifuniko. Usiandike kilichomo. Halafu chukua kipande kimoja cha kitenge chenye rangi inayopiga kelele, kichane vipande vitatu, funga kimoja kwenye kila mzigo. Akifika hana haja ya kueleza sana, anasema tu, "Naomba yenye kitambaa hiki."

Siku ya safari chagua basi la asubuhi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na kwa mtu mzima asiye na mizigo ni jambo jema. Mwanafunzi mgeni afike jua likiwa bado lipo, ofisi za chuo ziko wazi na mlezi wa hosteli yupo. Fikeni stendi saa nzima kabla. Mwambie mpakiaji mwanafunzi anashuka wapi, kwa sababu tunapanga buti kwa vituo: wa Same, Mombo na Korogwe wanakaa karibu na mlango, wa mwisho wa safari wanaingia ndani. Omba mizigo yake mitatu ikae pamoja, upande mmoja wa basi, mbali na upande wa injini, maana pale joto linayeyusha hata sabuni. Tranka chini, godoro juu yake, ndoo imesimama pembeni. Mkilipia mzigo, daini risiti, na stika zenye namba ziwekwe kwenye begi la mgongoni. Kisha apige picha buti likiwa wazi na nyingine ya namba za basi. Hakuna mpakiaji mwaminifu atakayechukia hilo.

Njiani, basi likisimama watu wale, asibaki kitini na simu yake, ashuke ajinyooshe karibu na buti kila linapofunguliwa. Wanaoshuka katikati wanachukua mizigo kwa haraka, na tranka la bluu ni tranka la bluu.

Kwa wanaokwenda Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zamani basi lilikuwa linaishia Ubungo na chuo kiko pale juu tu. Tangu 2021 stendi ni ile ya Magufuli, Mbezi, na kuna kipande kirefu kimebaki. Baadhi ya mabasi husogea mbele baada ya Mbezi, basi amwulize kondakta mapema, kabla ya Kibaha. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Dodoma ajue jina la koleji yake kabla ya kupanda bajaji, kwa sababu eneo ni kubwa na koleji ziko mbalimbali.

Akishuka, asiruhusu mtu yeyote kushika kitu mpaka vyote vitatu viko chini mbele yake. Watakuja vijana wanne wanaosema "dada twende," kila mmoja na mkono kwenye mzigo. Alaze furushi la godoro chini, tranka kando yake, ndoo juu ya tranka, na yeye akalie godoro. Akiwa ameketi hapo, apatane bei ya bajaji mpaka mlango wa hosteli, si mpaka getini. Bajaji moja inabeba mizigo mitatu na mtu mmoja kwa safari moja. Hiyo ndiyo maana ya mitatu: hakuna kurudi kuchukua kingine.

Akishafungua godoro, mwambie asitupe salfeti, mipira wala vile vitambaa vya kitenge. Avikunje aviweke chini ya tranka. Julai atavihitaji kurudi nyumbani, na mimi nitakuwa hapa Moshi kumpokea.