Kuosha ukuta na pevingi kwa mashine ya presha ukitumia maji ya tenki

Shemeji yangu wa Goba alinipigia Ijumaa usiku. Send-off ya binti yake wiki ijayo, ukuta wa fensi umeota ukoga tangu masika, pevingi za uani zimekuwa nyeusi tii, na fundi rangi keshamtajia bei ya kupaka upya. Nikamwambia asitoe hata shilingi. Rangi ikipakwa juu ya ukoga inabanduka kama ganda la yai. Kesho yake nikabeba mashine. Kazi niliyoipigia hesabu ya masaa matatu ikala siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo hatukuosha chochote. Mtaona kwa nini.

Mashine

Ya umeme, yenye presha ya baa 100 hadi 130, inatosha nyumba ya kawaida. Za petroli waachie wenye kuosha malori; mkononi mwa mtu asiyeizoea inachimba lipu. Ukinunua, uliza kichwa cha pampu ni cha chuma au plastiki. Cha plastiki kikipasuka ndiyo basi, hakiungiki.

Hatua ya 1: Maandalizi

Funga madirisha, funika soketi na taa za nje kwa nailoni, ondoa kuku na watoto. Vaa gambuti na miwani.

Hatua ya 2: Maji, na hapa tutakaa

Vitabu vinavyokuja na mashine vinadhani una bomba lenye msukumo saa zote. Sisi maji yanakuja kwa mgao, tunaosha kwa maji ya tenki, na tenki la shemeji limekaa chini kwenye kijukwaa cha tofali mbili.

Nikaunga mpira, nikawasha. Maji yakatoka vizuri kama dakika moja, halafu mashine ikaanza kukohoa: inapiga, inakata, inapiga, inakata. Nikasafisha nozeli, yaani kile kichwa kidogo cha kurushia maji, kwa pini. Bado. Nikafungua chujio la pale maji yanapoingilia, nikakuta mchanga kidogo, nikalisuuza. Bado. Nikasingizia umeme mdogo, tukabadili ekstensheni. Bado. Shemeji akaanza kuniuliza kwa upole kama namfahamu fundi.

Saa sita mchana ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho. Chomoa mpira kwenye mashine, kinga ndoo ya lita 20, tazama saa. Mashine za namna hii zinakunywa lita sita hivi kwa dakika, kwa hiyo ndoo inapaswa kujaa ndani ya dakika mbili ili uwe na akiba. Yetu ilijaa karibu dakika tano, yaani lita nne kwa dakika. Pampu inataka sita, inapewa nne, pengo inalijaza kwa hewa.

Hewa inaingilia wapi? Mpira wetu ulikuwa wa nusu inchi, mrefu mita 30, na pale unapoungana na koki ya tenki palikuwa panadondosha tone mojamoja. Nilikuwa nimepaona tangu asubuhi nikapapuuza. Mashine ikiwa imezimwa panavuja maji nje. Ikiwaka na kuvuta kuliko kinachokuja, palepale panageuka kunyonya hewa, na tone linakoma. Ukitazama unadhani pamepona! Paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo mashine ikiwa inafanya kazi. Povu likimezwa, mwizi umempata.

Dawa yake:

- Sogeza mashine karibu na tenki, ubaki na mpira mfupi wa robo tatu inchi. Urefu uupate upande wa paipu ya presha, siyo upande wa kuingiza.
- Zungusha tredi tepu (utepe wa kuziba viungo) upya kila kiungo. Klipu za waya uliokunjwa kwa koleo tupa, tumia za skrubu.
- Kabla ya kuwasha, toa nozeli, fungua koki, bonyeza bunduki (mshikio wa kurushia maji) mashine ikiwa IMEZIMWA, subiri hadi maji yatoke bila kukohoa. Rudisha nozeli, ndipo uwashe.

Usiiwashe ikiwa kavu hata kwa kujaribu. Sili za pampu zinapozwa na maji yenyewe. Dakika chache bila maji zinaungua. Na ujue tenki la lita 1,000 linaisha kabla ya masaa matatu kamili, kwa hiyo lijaze usiku.

Hatua ya 3: Dawa kabla ya presha

Ukoga unauawa kwa dawa. Presha inakuja kuubeba tu. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, tia sabuni ya maji kidogo ishike ukutani. Mwagia kwanza maua na nyasi za jirani na ukuta zishibe maji matupu. Nyunyiza dawa kwa bomba la mgongoni, siyo kwa mashine, kuanzia chini kwenda juu, maana ikichuruzika kwenye ukuta mkavu mchafu inaacha michirizi isiyotoka. Subiri dakika 10 hadi 15, isikauke. Jua likiwa kali fanya kipande kwa kipande. Usichanganye jiki na asidi ya chooni hata tone, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Hatua ya 4: Ukuta

Nozeli nyeupe, inayotawanya maji kwa pembe ya nyuzi 40. Ile nyekundu ya nyuzi sifuri mimi nimeitupa. Simama mbali kama urefu wa mkono, shuka kutoka juu kwenda chini. Maji yakikupiga ngozi na kutoboa, hata kidonda kikiwa kidogo kama cha sindano, nenda hospitali papo hapo, kwa sababu uharibifu uko ndani.

Nyumba za mawe na chokaa, za Mji Mkongwe au Lamu, usizisogelee na kitu hiki. Hizo ni brashi laini na maji.

Bati shemeji alitaka niliguse pia. Nikakataa: maji yanasukumwa kwenye maungio yanaingia darini, na gata lake linapeleka kwenye tenki la kunywa.

Hatua ya 5: Pevingi

Nozeli ya kijani, nyuzi 25, ilazwe kwa mshazari. Ukiisimamisha wima inachota mchanga wa katikati ya tofali, na tofali zikianza kucheza utaziitia fundi. Kiasi utachota tu, haikwepeki. Acha zikauke kabisa, mwaga mchanga laini uliochekechwa, fagia kwa mshazari mpaka mianya ijae. Sisi tulimaliza ndoo saba, binti wa send-off mwenyewe akishika fagio.

Ukimaliza zima mashine, funga koki, bonyeza bunduki mpaka presha iishe, ndipo uchomoe paipu. Nimewahi kuchomoa kabla.