Kugeuza Njia ya Kamba Juu ya Mti: Mwongozo kwa Wapogoaji

Mkwezi wa mnazi hana shida ya kamba kubaki nyuma yake, kwa kuwa mnazi ni nguzo moja na kazi yote iko kileleni. Miembe mikongwe ya uani, kama ile ya Tanga na Mombasa, ni habari nyingine: hutandaza matawi mbali na shina, na mara nyingi tawi linalotakiwa kukatwa ndilo lililolala juu ya paa la mabati. Ukifunga kamba katikati ya mti kwenye kimo cha mita 12, kisha ukatembea mita 6 kuelekea ncha ya tawi, kamba haitakuwa tena juu ya kichwa chako bali nyuma yako, ikiwa imelala upande. Ukiteleza hapo kamba itakushika, lakini utabembea kurudi ulikotoka hadi ujigonge kwenye shina. Dawa yake ni kuipitisha kamba kwenye tawi jingine lililo karibu na unapofanyia kazi, ili ikushukie kutoka juu. Mahali hapo pa kupitishia nitapaita kigeuzio.

Kwanza vifaa. Kamba ya katani huoza kwa unyevu, na ile ya plastiki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hudhoofishwa na jua na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi za Selsiasi, joto ambalo fundo la kushukia, linaposuguana na kamba wakati wa kushuka haraka, linaweza kulikaribia. Tumia kamba iliyotengenezwa kwa ajili ya wapanda miti, yenye unene wa milimita 11 hadi 13 na isiyonyumbuka sana. Pamoja nayo unahitaji hanesi ya kukalia (mikanda inayofungwa kiunoni na mapajani), kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, vitanzi viwili vya tepe imara, kapi moja au mawili, kamba fupi ya kiunoni ya kuzungushia tawi, na karabina (pete za chuma zenye mlango) zisizofunguka mpaka mlango wake ufanyiwe miondoko mitatu. Soma nguvu iliyochongwa ubavuni mwa karabina. Mimi sipandi na iliyo chini ya kilonyutoni 22, yaani uzito wa tani 2 na ushee. Viatu vya miiba ya chuma viachie miti inayoangushwa, kwani huujeruhi mti unaotakiwa kubaki hai.

Pili, fahamu kamba yako inafanya kazi kwa mtindo gani. Katika mtindo wa kamba inayotembea, kamba hupita juu ya tawi kuu na pande zake zote mbili hukurudia wewe, hivyo kila unaposogea nayo husugua kila inachokigusa. Mara ya kwanza nilipojaribu mtindo huo niliipitisha kwenye panda mbili za mwembe bila kapi. Nilifika kwenye ncha vizuri kwa sababu nilikuwa nashuka, lakini nilipotaka kurudi shinani kamba iligoma kabisa, nikabaki najivuta kwa mikono mita chache kwa karibu nusu saa huku sisimizi waitwao maji moto wakinitambaa shingoni. Kwa mtindo huo, basi, kigeuzio bila kapi ni adhabu. Katika mtindo wa kamba tuli, kamba haisogei, bali wewe ndiye unayepanda na kushuka juu yake, kwa hiyo panda ya mti peke yake yaweza kutosha. Angalia tu kwamba ukiifunga kamba hiyo chini kwenye kitako cha mti, tawi kuu la juu litabeba karibu mara 2 ya uzito wako, na fundo la chini lazima liwe mahali ambapo msumeno wala tawi linaloanguka haliwezi kulifikia.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mzigo unaobebwa na kigeuzio chenyewe. Mzigo huo hutegemea kamba inapinda kiasi gani. Ukiwa na kilo 80 pamoja na vifaa, kamba inayopinda kwa nyuzi 30 huliwekea tawi kilo 41 hivi. Ikipinda kwa nyuzi 60, mzigo unafika kilo 80 kamili. Kwa nyuzi 90 ni takriban 113, na kwa nyuzi 120 ni karibu 139. Isitoshe, mzigo huo hauvuti chini moja kwa moja, bali huelekea katikati ya pande mbili za kamba, yaani chini na kwa ndani. Tafuta basi tawi lililoinuka, ambalo mzigo utalisukuma kuelekea kwenye kitako chake, na uliepuke lililolala, ambalo mzigo utalikunja. Panda yenye umbo la U ni bora kuliko ile ya V iliyobana gome katikati, kwa kuwa hii ya pili hupasuka kirahisi. Ligonge tawi kwa mpini wa msumeno, usikilize kama lina uwazi ndani, na uangalie kama lina uyoga au mashimo. Mimi silitumii tawi lisilofika sentimita 10 za unene.

Unapofunga kigeuzio, zungusha kwanza kamba fupi ya kiunoni kwenye tawi unalosimamia. Zungusha kitanzi cha tepe kwenye tawi la kigeuzio, ning'iniza karabina na kapi, pitisha kamba, kisha uuhamishe uzito wako polepole ukiwa bado umefungwa kwa kamba fupi. Kabla ya kuifungua, jiulize utabembea kuelekea wapi iwapo kigeuzio kitavunjika; kama jibu ni kwenye paa au shina, chagua tawi jingine. Unapokata kwa msumeno wa mnyororo, kamba zote mbili, kuu na fupi, ziwe zimefungwa.

Kila kigeuzio hula urefu wa kamba, kwa hiyo funga fundo kubwa mwishoni mwa kamba kabla ya kuondoka chini, na umwombe mwenzako aliye chini athibitishe kwamba kamba bado inagusa ardhi kila unapoongeza kingine. Ukirudi, pita njia uliyokwenda nayo na uvivue vigeuzio kuanzia cha mwisho. Mwenzako huyo naye awe na hanesi yake, kamba ya pili iwe tayari mtini, na awe anajua vigeuzio viko matawi gani, kwa sababu ukizimia huko juu ndiye atakayepaswa kukufikia.